Moto wa Pili



Sisi wa Kikambala tu jirani na magofu ya Jumba la Mtwana. Na kule Mambrui liko kaburi la mnara lililopambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China. Wajapani nao walikuja kuijua kazi hiyo. Huko Arita, katika miaka ya 1640, mafundi walianza kutia kauri rangi za kung'aa: nyekundu, kijani na buluu. Walichora mianzi, maua ya mplamu na ndege kware.

Tuangalie walivyofanya. Kwanza chombo kilichomwa kwa moto mkali, kikawa kigumu. Ndipo kikachorwa na kurudishwa tanurini. Lakini moto huu wa pili ulikuwa mdogo, kwa maana ule wa kwanza ungaliziharibu rangi. Fundi alijua kipimo. Na pasipo moto huo, ua lisingalishika.

Wako kati yetu waliozika mwaka jana, na mwaka huu mahindi yamekauka shambani. Wanauliza, "Mbona tena?" Hatuna jibu jepesi. Tuwaendee na unga, si maneno matupu. Lakini twamjua Mfinyanzi wa Yeremia sura ya 18: chombo kilipoharibika mkononi mwake, hakukitupa.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua kipimo chetu. Usituache peke yetu motoni. Amina.