Jina la Tovuti Liandikishe Mwenyewe

Umeanza kufungasha majani chai yako mwenyewe, na kijana wa jirani amejitolea kukutengenezea tovuti. Vizuri. Ila kabla hajagusa kompyuta, muulize: jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti hiyo, litaandikishwa kwa jina la nani?

Jina hilo lichukulie kama hati ya shamba. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, nawe utalinunua kwa wakala aliyeidhinishwa. Biashara hutumia .co.ke, shirika lisilo la faida .or.ke, shule .sc.ke. Weka jina lako na barua pepe yako, si ya kijana; akihamia Nairobi utabaki kumbembeleza akupe neno la siri. Na usidhani ukishanunua umemaliza: hulipiwa upya, kwa kawaida kila mwaka.

Nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, nayo ni kibanda cha kupanga sokoni. Kurasa tano na picha za chai hazihitaji ghorofa. Uliza kodi ya mwaka wa pili (ya kwanza mara nyingi ni chambo) na nani anahifadhi nakala za tovuti. Halafu jina la tovuti liwe fupi, tafadhali: mteja wa Mombasa alisikie mara moja redioni na aweze kuliandika.