Siri Ikifichuka: Kubuni Diplomasia ya Hatari katika Michezo ya Kompyuta ya Vita



Katika michezo mingi ya mikakati ya vita, diplomasia ya hatari humjia mchezaji kama kisanduku kinachomuuliza iwapo atamdai jirani ardhi, na chini yake asilimia ya uwezekano wa kukubaliwa. Mchezaji anabonyeza. Akikataliwa, anafungua mchezo aliouhifadhi muda mfupi uliopita, anabonyeza tena. Hearts of Iron IV, uliotolewa na Paradox Interactive mwaka 2016, una namna ya kucheza iitwayo Ironman inayoziba mwanya huo. Nauunga mkono uamuzi huo, ila unatibu dalili tu. Hatari ya kidiplomasia inatoka kwa mtu wa tatu anayesikiliza, na mchezo usiokuwa naye hubaki kuwa bahati nasibu.

Tuchukue telegramu ya Zimmermann. Tarehe 16 Januari 1917, Arthur Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, alituma maagizo kwa balozi wake nchini Meksiko: endapo Marekani itaingia vitani, aiombe Meksiko muungano, kwa ahadi ya fedha na ya kurudishiwa Texas, New Mexico na Arizona. Wengi huuona mpango huo kuwa upuuzi. Mimi naona hesabu yake inafuatilika. Ujerumani ilikuwa inajiandaa kuanza vita vya nyambizi visivyo na mipaka tarehe 1 Februari, ikijua Marekani itakasirika, hivyo ikatafuta wa kuishughulisha mlangoni kwake.

Kwa mbunifu, utamu uko njiani. Uingereza ilikuwa imekata nyaya za Ujerumani za chini ya bahari tangu Agosti 1914. Ujumbe ukapitishwa kwenye njia ya kidiplomasia ya Marekani yenyewe, ambayo Rais Woodrow Wilson aliwaruhusu Wajerumani kuitumia kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Njia hiyo ilipita Uingereza, na wafumbuzi wa Chumba namba 40 cha jeshi la majini wakaunasa. Sasa kibarua kikawa cha Waingereza: wakiutoa hadharani, Marekani itajua mawasiliano yake yanasikilizwa, na Ujerumani itabadili msimbo. Mkuu wa upelelezi wa majini, William Reginald Hall, akaukalia hadi ilipopatikana nakala iliyotumwa kwa telegramu ya kibiashara kutoka Washington kwenda Meksiko, ili ionekane siri imevujia huko. Tarehe 1 Machi magazeti ya Marekani yakauchapisha.

Basi mpeni mchezaji uchaguzi wa njia: mjumbe anayechukua wiki nyingi, au waya wa haraka unaopita kwa asiyemwamini. Aliyenasa naye apewe kishawishi chake, autangaze leo na kukipoteza chanzo, au avumilie huku vita vikimla. Na anayeombwa muungano awe na hesabu zinazosomeka. Wanajeshi wa Marekani waliomsaka mwanamapinduzi Pancho Villa walikuwa ndani ya Meksiko hadi mapema Februari 1917, kwa hiyo hasira ilikuwepo; lakini silaha za Ujerumani zingefikaje wakati bahari iko mikononi mwa Uingereza? Rais Venustiano Carranza alikataa. Mchezaji anayeyaona hayo hahitaji kuonyeshwa asilimia.

Panaposahaulika zaidi ni baada ya kushindwa. Wamarekani wengi walidhani telegramu ni ya kughushi, na Zimmermann angeweza kukana. Tarehe 3 Machi akakiri kuwa ni yake. Tarehe 6 Aprili, meli za Marekani zikiwa zimekwisha kuzamishwa na nyambizi, Marekani ikatangaza vita. Katika michezo yetu hatua hiyo huwa ni neno “Wamekataa” na pointi chache za uhusiano kupungua. Naomba vikundi vya mchana vianzie hapo: vibuni skrini ya asubuhi ya 3 Machi, yenye kukana, kukiri na kumtupia balozi lawama, kila moja na gharama ambayo mchezaji ataendelea kuilipa hadi mwisho wa vita.