Chai Tamu Sana, Chai Tamu Mno

Somo hili la Kiingereza ni lako, msikilizaji, hasa ndugu yetu uliye Doha, unayesikiliza kwenye zamu ya ulinzi au chumbani baada ya kazi.

Leo tuna kielezi kinachoandamana na kivumishi. Shika kikombe chako cha chai ya karak. Sisi kwa Kiswahili husema chai "tamu sana". Kielezi hufuata nyuma. Kiingereza hukitanguliza: "very sweet". Hilo huzoeleka upesi. Mtego uko kwenye "too". Wengi tunadhani ni "very" lenye nguvu zaidi. Sivyo. Chai iliyo "very sweet" unaimaliza; iliyo "too sweet" inakushinda, unaiacha. Ni "mno" yetu, ile iliyopita kiasi.

Kazini tofauti hiyo ni afya yako. Ukimwambia msimamizi "it is very hot", umesimulia hali ya hewa. Sema "it is too hot to work": joto limezidi, kazi haifanyiki. Na sheria ya Qatar ya 2021 iko nawe: kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani husimama saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Tena siku yoyote, kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1, kazi isimame.

Kuna mkaidi mmoja, "enough", hukaa nyuma kama "sana" yetu. Ngazi inayumba? "The ladder is not safe enough." Tamka nami, polepole: "not safe enough".