Paa Lirekebishwe Kwenye Kompyuta Kabla ya Kupanda Ukutani

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wanafunzi wa ujenzi na uchoraji wa ramani katika chuo cha mafunzo ya ufundi, Nyeri



Mimi si msanifu wa majengo. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuwaeleza wananchi shughuli za kaunti kwa lugha wanayoielewa. Nimeombwa niongee kuhusu paa kwa sababu ninyi ndio mtakaochora ramani ambazo wananchi watazileta kaunti kutafuta idhini.

Kubadilisha paa kwenye kompyuta ni kazi ya dakika chache. Kulibadilisha likiwa juu ya ukuta ni kununua mbao na mabati mara ya pili, na kumlipa fundi mara ya pili.

Programu kama Revit na ArchiCAD hazichori paa kama mistari mitupu. Katika Revit, kwa mfano, unafuata kuta za nje, unataja paa litokeze kiasi gani, kisha unachagua ni kingo zipi zitakuwa na mteremko. Nyumba ya mstatili ikipewa mteremko kwenye kingo zote nne, maji hushuka pande nne. Ukiuondoa kwenye kingo mbili fupi, maji hushuka pande mbili, na kuta za miisho hupanda hadi kileleni. Mawe ya kuta hizo yanalipiwa, kwa hivyo mwenye nyumba aambiwe mapema.

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8, paa likitokeza sentimita 60 kila upande. Mteremko ukiwa digrii 15, eneo la paa ni kama mita 107 za mraba. Ukiwa digrii 30, ni mita 119. Hizo ni mita 12 za mabati zaidi, na bado hujahesabu mbao. Tena angalieni kipimo mnachoandika: mteremko wa asilimia 30 si digrii 30, ni karibu digrii 17. Alama moja ikikosewa, fundi anajenga paa lingine kabisa.

Nyumba yenye umbo la herufi L inahitaji macho zaidi. Mabawa mawili yanapokutana hutokea bonde ambalo hukusanya maji ya pande mbili, pamoja na majani na mvua ya mawe. Ukibadilisha mteremko wa bawa moja peke yake, bonde linahama na vilele vinaachana. Kila baada ya badiliko, kata picha ya nyumba katikati uone kama kuta zimefika kwenye paa na kama chimni inatokea mahali sahihi. Watu wetu huwasha moto Julai, na pale chimni inapopenya bati ndipo maji hupenda kuingia.

Kuna jambo ambalo picha nzuri haitakuonya. Mwenye nyumba akitaka kuacha mabati na kuweka vigae vya udongo, kompyuta itabadilisha rangi mara moja. Lakini vigae ni vizito mara nyingi kuliko bati, na vinahitaji mteremko mkali zaidi. Mhandisi apige hesabu ya mbao upya.

Fikirieni pia mvua ya mahali. Kule Kieni kwenye ukame, paa ni chombo cha kuteka maji. Paa la nyumba niliyoitaja, likinyeshewa milimita 10, hupokea takriban lita 1,030 kabla ya zile zinazopotea. Kulisimamisha zaidi hakuongezi maji hayo, kunaongeza mabati tu. Othaya, kwenye miteremko ya Aberdare, mvua ni nyingi, na swali ni gata zitaweza kubeba kiasi gani. Na kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 mjini Karatina, ukingo wa paa uliosogezwa kidogo unaweza kumwaga maji kwa jirani. Kesi nyingi za majirani huanzia hapo.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inataka idhini ya kaunti ipatikane kabla ya kujenga. Ramani iliyopata idhini ndiyo inayopaswa kujengwa. Paa likibadilika, rudini kwanza kwenye kompyuta, kisha mlete ramani iliyorekebishwa.

Kwa wananchi watakaosoma hotuba hii, muulizeni mchoraji wenu mambo matatu: mteremko ni digrii ngapi, mabati ni mita ngapi za mraba, na maji yataangukia wapi. Akikosa jibu la lolote kati ya hayo, msinunue mbao bado.