Bwana Hakumwambia Martha Azime Moto



Injili ya Luka, sura ya 10, inatusimulia jinsi Bwana wetu alivyopokelewa nyumbani kwa Martha na Maria. Mara nyingi tukilifafanua somo hilo tunamsifu Maria aliyeketi, na kumwacha Martha na vyungu vyake. Leo tumtazame Martha, kwa kuwa vijana wetu wengi huenda mijini, na kazi ya kwanza wanayoipata ni ya jikoni, katika hoteli na migahawa.

Kazi hiyo huwapokea kwa ukali. Kijana aliyezoea jembe hudhani hakuna kazi itakayomshinda. Kumbe jikoni husimama kutwa juu ya sakafu iliyolowa maji na mafuta. Jasho humtiririka mbele ya majiko. Kisu humkata vidole, na mvuke humchoma mikono. Wengine wanapopumzika, jioni, sikukuu na Dominika, ndipo kazi yake inapozidi. Mwili huzoea polepole, nao wahitaji kusaidiwa: viatu vilivyofunika vidole na visivyoteleza, maji ya kunywa mara kwa mara, na palipoungua pawekwe mara moja chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala pasipakwe mafuta au dawa ya meno.

Lakini lililo gumu kuliko moto ni watu. Mgeni huanzia kwenye kuosha masufuria. Mpishi mkuu humfokea, wahudumu humharakisha, na jina lake halitajwi. Yeye ni “wewe” tu. Baadhi huacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Wengine hubaki, lakini hujifunza ukali ule ule, wakamngoja mgeni mwingine wamlipizie. Hapo, ndugu zangu, ndipo roho ya mtu ilipo hatarini.

Mtakatifu Benedikto, ambaye watoto wake wa kiroho tunawafahamu huko Peramiho na Ndanda, aliandika Kanuni yake katika karne ya 6. Sura ya 35 yahusu watumishi wa jikoni. Aliagiza ndugu wote watumikiane kwa zamu ya juma moja moja, asisamehewe mtu ila kwa ugonjwa au kwa shughuli nyingine nzito. Walio dhaifu wapewe wasaidizi, ili wasitumike kwa huzuni. Kabla ya mlo, watumishi wapewe kwanza mkate na kinywaji, wapate kuwahudumia wenzao bila manung’uniko. Naye anayemaliza zamu, pamoja na anayeingia, wawaoshe wote miguu. Tazameni busara hiyo: alijua kwamba mwenye njaa na aliyedharauliwa hawezi kuhudumu kwa moyo mkunjufu.

Turudi kwa Martha. Bwana hakumwambia azime moto. Alimwonya juu ya mahangaiko, na juu ya moyo uliokwisha kumhesabia ndugu yake makosa. Kazi yenyewe haikulaumiwa; kilicholaumiwa ni uchungu uliopikwa pamoja na chakula.

Basi wewe kijana uliyeanza kazi hiyo, uliza usichokijua, vumilia mafunzo, lakini usiurithi ukali. Wewe uliye mkuu wa jiko, mwite mgeni kwa jina lake, na umpe chakula kabla hajawahudumia wengine. Nanyi makatekista, kijana asipoonekana kanisani Dominika, msiharakishe kumhukumu. Ulizeni zamu yake ni ipi, mkamtembelee siku yake ya mapumziko. Nasi tunaoketi mezani, tusisahau kutuma neno la shukrani jikoni, kwa yule tusiyemwona.

Bwana aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu, awabariki wote wanaotutumikia kwa jasho lao. Amina.