Bei Moja ya Unga kwa Watu Wote



Mwezi wa Mei, mwaka 2017, wakati wa ukame, Serikali ya Kenya iliagiza kwamba paketi ya unga wa mahindi ya kilo mbili iuzwe kwa Sh. 90/-, na ile ya kilo moja kwa Sh. 47/-. Bei hiyo ilikuwa ya nchi nzima. Wasagaji waliuziwa gunia la kilo 90 kwa Sh. 2,300/-, na Serikali ikalipa upungufu.

Hapana shaka jamaa wengi walipata nafuu. Lakini wanunuzi hawakuwa wa namna moja. Kibarua aliyelipwa kila jioni hakuwa na Sh. 90/- za kutoa mara moja. Alinunua kilo moja leo na kilo moja kesho, na kwa kilo hizo mbili alitoa Sh. 94/-. Tajiri, ambaye hakuomba msaada wowote, alipunguziwa bei kuliko yeye.

Tena paketi ziliadimika. Mama mwenye kibanda ilimpasa akifunge apate kupanga foleni.

Na yule anunuaye mahindi sokoni kwa gorogoro, akayapeleka kwenye mashine ya posho? Huyo ndiye wa kusikitikiwa zaidi, maana bei iliyowekwa ilikuwa ya paketi dukani, wala si ya mahindi ya sokoni. Mwezi wa Julai 2022 unga ulishushwa bei tena, kutoka Sh. 205/- hadi Sh. 100/- kwa kilo mbili. Safari hiyo pia ilikuwa paketi, si gorogoro.