Darasa la Mwaka 2018: Walioitwa na Waliofika



Kamati ya yubile imeniomba niseme neno juu ya vijana wa parokia yetu waliomaliza masomo ya sekondari mwaka 2024. Nimekubali kwa furaha, kwani wengi wao walipitia mikononi mwa makatekista wenu kabla ya kupewa kipaimara. Lakini habari ya darasa haianzi siku ya diploma. Inaanza siku ya kuandikishwa, nami nitaanza hapo.

Waliingia mwaka wa saba mwezi wa Septemba 2018, na shati jeupe na daftari mpya. Tarehe 1 Agosti ya mwaka ule Serikali ilikuwa imetangaza homa ya Ebola upande wa Mangina. Homa ikapita Beni, ikafika Butembo, na eneo letu la afya la Kalunguta nalo likahesabiwa kati ya yaliyopatwa. Basi somo lao la kwanza halikuwa algebra wala Kifaransa, bali ndoo ya maji yenye dawa iliyowekwa mlangoni. Kanisani tuliacha kupeana mikono ya amani. Wafu wetu walizikwa na watu waliojifunika mwili wote, jambo lililotuchoma sana, kwani kwetu Wanande maiti ni ya jamaa, nao ndio wanaoiosha na kuilaza.

Tusifichane: wengi hawakuamini. Walisema ni biashara, ni siasa, hasa uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, aliyetoka Kameruni kuja kutusaidia, aliuawa Butembo katika hospitali ya Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Katika giza lile, watoto wa mwaka wa saba walirudi nyumbani na maneno waliyoyasikia shuleni. Baba aliyemfukuza muuguzi alikubali kunawa mikono kwa sababu binti yake alimshikia maji. Mimi nahesabu hilo kuwa tunda la shule, hata kama halikuandikwa katika buletini yoyote.

Ebola ile ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imewapata watu 3.470 na kuwaua 2.287. Lakini shule zilikuwa zimekwisha kufungwa tangu Machi kwa ajili ya korona. Miezi mingi watoto hawakuona ubao. Walisema masomo yafuatwe kwa redio. Nani kati yetu alikuwa na betri za kutosha? Wengi walishika jembe, wengine walikwenda kuchuma kakao upande wa Beni. Na jembe, ndugu zangu, likimshika mtoto wa miaka kumi na minne, mara nyingi halimwachi tena. Shule zilipofunguliwa, viti vya wazi vilikuwa vingi. Tena, elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilikuwa ya shule ya msingi, nao walikuwa wamekwisha kuivuka. Kwao minervali ilibaki juu ya maharagi ya mama.

Walipokuwa mwaka wa kwanza wa humanité, vita ilikaza. Mnamo Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikaa chini siku nyingi penye ofisi ya meya, wakidai Rais aje aone jinsi watu wanavyochinjwa. Tarehe 6 Mei jimbo letu la Kivu Kaskazini likawekwa chini ya utawala wa askari. Tarehe 27 Juni bomu likalipuka katika kanisa la Emmanuel-Butsili, Beni, asubuhi ambayo watoto walikuwa wanangojewa kwa kipaimara. Sisi makatekista hatukulala vizuri tangu siku hiyo.

Halafu Maboya, jirani zetu. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Oktoba 2022, waasi walishambulia hospitali, wakapora dawa, wakachoma moto. Kati ya waliokufa alikuwa Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, mtawa na mganga. Darasa letu lilikuwa mwaka wa tatu wa humanité. Kuna wasichana ambao walitaka kusomea uganga kwa sababu ya kumwona mtawa mwenye kuvaa koti jeupe. Baada ya usiku ule mmoja aliacha wazo hilo, mwingine akalishika kwa nguvu zaidi. Siwezi kuhukumu kati yao.

Na tarehe 1 Februari 2023, kule Kinshasa, kijana wa Eringeti, wa umri wao, aliweka chini ya msalaba, mbele ya Baba Mtakatifu Fransisko, kisu kama kile kilichomwua baba yake. Tuliwaambia wanafunzi wetu habari hiyo. Hawakuuliza neno.

Katika mwaka 2024 walifanya mtihani wa Serikali. Matokeo yalipofika kwa simu, mlisikia vigelegele, mliona poda nyeupe vichwani. Tuliimba nao, na tulifanya vizuri.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hapa mbele. Kamati inataka kuandika katika kitabu cha yubile majina ya wenye diploma. Mimi naomba yaandikwe majina yote ya Septemba 2018. Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba neno klasi limetoka katika Kilatini, na zamani lilikuwa na maana ya kundi la raia walioitwa. Walioitwa, si waliofika tu. Kuna waliokufa. Kuna wasichana walioozwa mapema, nao leo wanabeba watoto mgongoni wakipita mbele ya shule. Kuna waliovutwa na vikundi vya silaha porini, ambao mama zao wamekaa kati yetu asubuhi hii na hawatajwi na mtu. Tukiwafuta katika kitabu, tunawaambia kwamba hawakuwa wetu.

Wala si kuandika tu. Sheria inamruhusu aliyejisomea mwenyewe ajitokeze kwa mtihani wa Serikali, akishinda kwanza mtihani wa matayarisho. Walimu wetu wa parokia wanaweza kuwafundisha jioni, na kila shirika linaweza kutoa debe la maharagi kwa ajili ya karatasi na gharama za kujiandikisha. Msichana mwenye mtoto aje naye. Wamama wa shirika watamshika.

Nimeomba orodha ya mwaka ule, nami ninayo hapa. Viongozi wa mashirika wabaki kidogo baada ya misa: nitasoma jina kwa jina, na kila mmoja aseme yule kijana yuko wapi.